Dada Anarudi Lini?

Ujumbe uliingia tarehe 8 Januari, kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa mtaa wetu, Tabata. Mwenzetu anatafuta dada wa kazi. Masharti: awe mwaminifu, apende watoto, ajue kupika, asiwe na mtoto, na asiwe mtu wa kwenda kwao kila mara. Ndani ya nusu saa majibu yalikuwa yamepita ishirini. "Hata wangu kaenda Krismasi, simu hapatikani." "Mabinti wa siku hizi hawana shukrani." "Mimi nilishaapa, Desemba haendi mtu." Halafu mama mmoja ninayemheshimu sana, anayesalimia mpaka walinzi wa usiku, akatoa dawa aliyosema haijawahi kumwangusha: shikilia mshahara wa Desemba, uone kama hatarudi.

Nilikuwa nimesimama jikoni. Niliandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Dawa hiyo naijua. Niliitumia Desemba 2023, na ilifanya kazi vizuri kabisa.

Kwa hiyo anayesema hapa si mtu msafi. Ni mama wa watoto watatu, mkubwa ana miaka sita, wa kati minne, mdogo mwaka na nusu, mwenye digrii mbili na ajira katika shirika ambalo, miongoni mwa kazi zake, huendesha semina kuhusu mgawanyo wa majukumu ndani ya kaya. Hizo semina nimewahi kuziandaa. Nimewahi kusimama mbele ya ubao wa karatasi, kalamu mkononi, nikiwauliza wanawake wa vijijini nani kwao anachota maji na nani anaamua hela ya mavuno. Na muda wote huo nyumbani kwangu kulikuwa na msichana anaosha vyombo vya watu watano.

Ninachotaka kusema nitakisema mapema ili anayetaka kukasirika aanze sasa. Hatuwanyimi dada wa kazi likizo ya Desemba kwa ajili ya watoto. Watoto ni kisingizio. Tunawanyima kwa sababu siku wakiondoka itaonekana wazi nani anafanya nini ndani ya nyumba, na sisi, mke na mume tuliosoma, hatutaki kuona.

Desemba ya Dar es Salaam wengi mnaijua. Shule zimefungwa, joto halilaliki, na watoto ambao mwaka mzima walikuwa wanarudishwa na basi la shule saa tisa sasa wapo nyumbani tangu alfajiri, wana njaa, wanagombania rimoti. Kuanzia tarehe 9, siku ya Uhuru, hadi tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi, kuna siku 35, na ndani yake kuna sikukuu tano za kitaifa. Kila sikukuu ina chakula chake na wageni wake, na nguo zake za kupiga pasi. Jiji lenyewe linapungua. Wachagga wameshapanda kwenda kuhesabiwa. Duka la Mangi wa kona yetu linafungwa karibu tarehe 18, kuna kufuli mlangoni, na sisi wateja wake tunaopata shida ya kwenda mpaka barabara kuu kutafuta chumvi tunacheka tu. Mangi kaenda kwao, tunasema, mwache akale ndizi na nyama. Hakuna anayemwita Mangi mtovu wa shukrani. Hakuna anayeshikilia hela yake ili afungue duka mapema.

Dada akiomba kwenda kwao wiki hiyo hiyo, tunasema ameanza kiburi.

Jina lake sitaliandika, kwa kuwa hakuniomba nimwandike. Nyumbani kwetu anaitwa Dada na kila mtu: mimi, mume wangu, watoto, mama mkwe wangu ambaye ana umri wa kumzaa mara mbili. Kwao, Iramba, mkoani Singida, anaitwa Mama na jina la mwanawe wa kwanza, kama ninavyoitwa mimi huku. Alikuja kwetu Februari 2021. Mtoto wangu wa kati alikuwa na miezi miwili. Wake alikuwa ameshatimiza miaka miwili, alimwacha kwa bibi yake. Mwanawe na mtoto wangu mkubwa wamezaliwa mwaka mmoja. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na nilikuwa nalisema kama jambo la kupendeza: wamelingana!

Desemba 2021 nilimwomba abaki, maana alikuwa bado mgeni. Nikamwongezea elfu hamsini. Desemba 2022 nikamwomba tena, nikaongeza elfu hamsini, kitenge, na mwanasesere wa kumpelekea mtoto siku atakapokwenda. Mwaka huo alikuwa amekwenda siku tano mwezi wa sita kumzika baba yake, na mimi katika hesabu zangu nikawa nimeziandika hizo siku tano kama likizo. Msiba, nikauita likizo. Desemba 2023 nilikubali aende baada ya wageni kuondoka, siku tisa, nikabaki na mshahara wake wa mwezi. "Nitakutunzia, utaukuta." Nilisema kwa sauti ya mtu anayetoa ushauri wa fedha. Alirudi siku niliyotaka. Miezi kadhaa baadaye, tunachambua mchele, ndipo aliponiambia, wala si kwa kulalamika, kwamba alifika kwao na nauli tu mfukoni, na ya kurudia alikopa kwa shangazi yake. Alikopa nauli ya kuja kuchukua hela yake mwenyewe.

Siku tano na siku tisa. Karibu miaka minne, siku kumi na nne na mwanawe.

Oktoba 2024 alikuja kusimama kwenye mlango wa jiko, mimi nikiwa na kompyuta mezani. Alisema anataka kwenda kwao kuanzia tarehe 10 Desemba, siku 28. Mama yake ana shida ya mguu, mvua za kwao zinaanza mwezi huo, shamba la alizeti halina mtu, na mtoto anaanza darasa la kwanza Januari. Alikuwa amejipanga kama mtu anayewasilisha bajeti. Nikamjibu neno ambalo kila mwajiri wa ndani analijua, neno lisilokataa wala kukubali: "Tutaona."

Akanyamaza kidogo. "Mama," akasema, "sijaja kuomba. Nimekuja kuaga."

Sijui alizipata wapi siku 28. Huenda redioni, huenda kwa wenzake pale wanapokutana kuanika nguo. Lakini alikuwa sahihi, na mimi mwenye digrii mbili ilibidi nikahakikishe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa likizo. Inaweka saa 45 za kazi kwa wiki, saa 24 za mapumziko kila wiki, na malipo mara mbili kwa kila saa anayofanya kazi siku ya sikukuu. Nilitafuta mahali paliposema isipokuwa wafanyakazi wa ndani. Hakuna. Waliowekwa nje ya sheria hiyo ni watumishi wa jeshi la ulinzi, polisi, magereza na jeshi la kujenga taifa. Dada wa nyumbani kwangu si mwanajeshi.

Usiku ule nilipiga hesabu nyingine, ambayo sikumwonyesha mtu. Anaamka saa kumi na moja alfajiri. Analala saa nne usiku. Tufanye anapumzika saa mbili katikati, ingawa mwenye mtoto wa mwaka na nusu anajua hizo saa mbili ni za kubuni. Zinabaki 15 kwa siku. Ukianza kuhesabu Jumatatu asubuhi, saa 45 za sheria zinamalizika Jumatano usiku. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili alikuwa ananipa bure, na mimi nilikuwa naona fahari kwamba namlipa 120,000, mara mbili ya kima cha chini cha 60,000 kilichowekwa na amri ya mishahara ya mwaka 2022 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri. Ada ya muhula mmoja ya chekechea ya mtoto wangu wa kati inazidi mshahara wake wa miezi sita. Huyo mtoto, aliyemfundisha kutamka herufi "r" ni yeye.

Tarehe 10 akaondoka alfajiri, treni ya SGR mpaka Dodoma, kisha basi la Singida, kisha Noah. Safari hii nilimpa mshahara wake wote. Nisisifiwe; nilishindwa kumtazama usoni.

Siku ya kwanza ilikuwa kama mchezo. Tulikula chipsi mayai za kununua. Siku ya pili mdogo alikataa uji. Nilijaribu kijiko, nikajaribu kikombe, nikaimba, akafumba mdomo kama mlango wa benki. Nilimpigia Dada. Akaniambia uji wake unachanganywa na ndizi iliyopondwa, na lazima apewe akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na mlango wa nyuma, akiona kuku wa jirani. Mwaka mzima mwanangu alikuwa anakula uji akitazama kuku, na mimi sikujua kwamba jirani ana kuku.

Sikujua vitu vingi. Kipimajoto kinakaa wapi. Wa kati analala na kipande gani cha kanga. Maji ya mgao yanakuja usiku wa siku zipi, na kwamba usipoamka saa nane kujaza madumu, kesho yake watoto wanaoga kwa kikombe. Sikujua sabuni ya unga ya kilo moja inamalizwa na familia yangu kwa siku sita. Siku ya tatu yule wa kati alisimama sebuleni, suruali yake imelowa, akauliza, "Dada anarudi lini?" Akauliza tena jioni. Akauliza kila siku, kwa sauti ile ile, kama mtu anayeuliza basi.

Mimi na mume wangu tuna maelewano mazuri. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunasema. Yeye si mwanaume wa kukaa akisubiri maji ya kunawa. Anawaogesha watoto Jumapili, anajua kukaanga mayai, ameshawahi kumbeba mtoto mgongoni mbele za watu. Rafiki zangu walikuwa wananiambia nimepata. Nami nilikuwa naamini nyumba yetu ni ya nusu kwa nusu, mfano hai wa yale ninayoyafundisha kwenye semina.

Ilichukua siku sita kujua kwamba nusu yake ilikuwa inafanywa na msichana wa miaka 26 kutoka Iramba. Na sehemu kubwa ya nusu yangu pia.

Tarehe 20 wote wawili tulifunga ofisi. Tarehe 21 akaja mama mkwe kutoka Morogoro, akaja na wifi yangu na watoto wake wawili. Watoto watano, watu wazima wanne, vyumba viwili na sebule. Hapo ndipo mambo yalipopanga foleni. Anayelala mwisho ni mimi. Anayeamka kwanza ni mimi. Mume wangu aliniuliza kila asubuhi, kwa upole wa kweli kabisa, "Nikusaidie nini?" Mwanzo nilimshukuru. Kufikia tarehe 23 swali hilo lilikuwa linaniuma kuliko kutosaidiwa. Kumbe kujua kuna nini cha kufanya ni kazi, na hiyo ndiyo nzito. Kujua kwamba pampasi zimebaki nne. Kujua kwamba mchele umeisha na duka la Mangi limefungwa. Kujua kwamba mtoto mwenye kikohozi asilale karibu na feni. Anayesaidia anasubiri kuambiwa. Na mwenye kuambia hawezi kukaa chini hata dakika moja, kwa sababu akikaa, nyumba nzima imekaa. Neno lenyewe "kusaidia" lina mwenye kazi ndani yake. Ukimsaidia mtu, kazi ni yake.

Usiku wa tarehe 23 gesi iliisha nyama ikiwa jikoni. Saa tano na robo. Alitoka na bodaboda kutafuta mtungi, akarudi nao, akaufunga, tukasimama pale kwenye sinki lenye vyombo vya watu tisa. Akashusha pumzi, akasema bila ubaya wowote, "Si ungemwambia tu abaki? Tungemwongezea hela."

Maneno yale ni yangu. Mimi ndiye niliyeyasema 2021, nikayasema 2022. Lakini kuyasikia kutoka kwake, saa tano usiku, mikono yangu ikiwa na mafuta, nikayaelewa kwa mara ya kwanza. Hakuwa anasema tumkodi mtu tupumzike. Alikuwa anasema tumlipe mtu ili mimi na yeye tusigombane. Hiyo ndiyo kazi ya kumi na moja ya dada wa nyumbani, baada ya kupika, kufua, kudeki, kulea na nyingine zote: kulinda amani ya ndoa ya watu waliosoma. Bila yeye ingebidi tukae mezani tugawane kazi kwa kweli, tuone mmoja hajafanya, tuumizane. Yeye anazibeba zote, sisi tunabaki kupendana na kujadili siasa.

Tuligombana. Kwa kunong'ona, maana mama mkwe alikuwa sebuleni. Nilimwambia yeye hajui hata saizi ya viatu vya wanawe. Akaniambia na mimi sikujua kuhusu kuku. Ni kweli. Nikamwambia lakini mimi ndiye ninayeulizwa kwa nini sikujua. Kesho wageni wakikuta sebule chafu, hawatasema baba wa nyumba hii mchafu. Akanyamaza. Kisha akachukua sponji, akaanza na masufuria, mwisho kabisa, wakati kila mtu anajua unaanza na glasi. Nilimeza.

Asubuhi ya Krismasi mama mkwe, ambaye nilimwogopa zaidi ya wote, alinikuta nakaanga maandazi mdogo akiwa mgongoni. Akavuta kigoda. "Mwanangu," akasema, "enzi zetu hatukuwa na dada. Tulikuwa na wasichana wa kaka zetu." Nikamwuliza na wao walikuwa wanakwenda kwao lini. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema mmoja hakwenda mpaka alipoolewa. Akachukua mwiko, akageuza maandazi, na hatukulizungumza tena.

Najua majibu yenu, kwa sababu yalikuwa yangu. Mnasema ofisi hazitupi likizo ndefu Desemba, mama afanyeje? Afanye anavyofanya mwajiri mwingine yeyote: apange. Ofisi yangu inajua tangu Januari nani anatoka lini, na hakuna mkurugenzi anayemwambia mhasibu wake tutaona. Mnasema huyu tunaishi naye kama ndugu. Nimepekua simu yangu, picha za Krismasi tatu, 2021 mpaka 2023: hayumo hata kwenye moja. Alikuwa anapiga. Na ndugu gani huyo anayekula tukishamaliza na ambaye siku ya kuondoka begi lake linafunguliwa sebuleni, nguo za ndani zote nje, kuhakikisha hajabeba kijiko?

Mnasema wakienda hawarudi. Hili ndilo linalosemwa kwa uchungu zaidi, na ndilo ningependa tulisikilize vizuri. Mtu anayeweza kusema "naacha kazi, nipe mwezi wangu" anasema. Asiyeweza anasubiri Krismasi. Anaaga kwa siku kumi, anapanda basi, anazima simu. Tumemfungia kila mlango mwingine wa kutokea, halafu tunashangaa kwa nini wote wanatokea mlango mmoja, mwezi mmoja. Kwenye kundi letu wanaiita tabia ya mabinti wa siku hizi. Mimi naiona ni barua ya kuacha kazi, imeandikwa kwa njia pekee tuliyowaachia.

Wapo watakaosema namtukana mwanamke mwenzangu anayehangaika, wakati mwenye kosa ni baba aliyekaa kwenye kochi. Ni kweli kundi lile la WhatsApp halina baba hata mmoja. Dada akichelewa kurudi, hakuna mwanaume Tabata anayekosa usingizi. Lakini hapo ndipo ninapotaka kutusema zaidi. Tumeona ni rahisi kumbana msichana asiye na sauti kuliko kumwambia mume mwenye sauti asimame. Ugomvi ambao tulipaswa kuufanya jikoni kwetu tumeuhamishia kwa mtoto wa Iramba, ambaye mama yake hayupo Desemba ili sisi tusinuniane.

Na huko hakwenda kupumzika. Mwishoni mwa mwezi nilimpigia kumtakia heri ya mwaka mpya, akapokea akihema. Alikuwa shambani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na alizeti haisubiri. Nyuma yake nikasikia sauti ya mtoto ikiuliza kitu, akamjibu kwa Kinyiramba, mtoto akacheka. Sikuwahi kumsikia akiongea Kinyiramba. Miaka minne ndani ya nyumba moja.

Tarehe 5 Januari akanipigia yeye. "Mama, tarehe 7 sitarudi. Shule zinafunguliwa tarehe 13, nataka nimpeleke mtoto mwenyewe siku ya kwanza. Nitafika tarehe 18. Kama utatafuta mtu mwingine nitaelewa." Likizo yake ilikuwa inaisha kesho yake. Kisheria nilikuwa na haki ya kusema hapana, na neno "tutaona" lilikuwa limeshafika mdomoni. Na mimi tarehe 13 nilikuwa nampeleka wangu siku ya kwanza, na nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini wiki nzima kabla. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Nikamwambia ampeleke. Nikamwambia pia mshahara uko pale pale, na kuanzia akirudi Jumapili ni yake, na hili la Desemba tutaliandika kwenye karatasi, yeye na mimi na Baba watoto, tusaini wote watatu. Akasema sawa. Hakushukuru, na nilifurahi hakushukuru.

Mume wangu amechukua siku tano za likizo yake ya mwaka, nami tano. Ofisini kwake walimuuliza kama kuna mgonjwa. Amejua kuhusu ndoo na kuku. Ameunguza uji mara mbili. Bado anauliza "nikusaidie nini", lakini jana alijikamata katikati ya sentensi, akageuka kwenda kuhesabu pampasi. Tumegombana tena mara mbili, moja ikiwa mbaya kuliko ile ya gesi.

Jumatatu ile ya kufungua shule ilinifikia picha. Yeye na mwanawe mbele ya darasa la matofali mekundu, mtoto ana shati jeupe la kumtosha mpaka mwakani, yeye amejifunga kile kitenge. Kuna aliyewapigia, kwa hiyo yumo.

Leo ni Alhamisi. Ataingia Jumamosi jioni. Sebuleni kuna beseni mbili za nguo za wiki nzima, na wa kati amenikumbusha kwamba Dada huwa anaanza na nyeupe. Baba watoto amesema zimwachie yeye, atazifua kesho. Jirani aliyepita kuazima pasi amezitazama zile beseni, akanitazama na mimi, akasema kwa huruma, si utazifua tu mwenyewe uone zimekwisha. Nimeziacha pale pale.